Mwanafunzi wa Fildi Niliyesema Simjui

Mpendwa mwanangu Tuse,

Leo wamenivisha kofia. Ni nyeupe, mbele ina jina la kampuni na nyuma imeandikwa MLEZI kwa herufi nyekundu. Nimekaa nayo kichwani tangu saa tatu mpaka saa saba mchana, kwenye kiti cha plastiki, mstari wa mbele. Nimepigiwa makofi. Nimepewa soda na sambusa mbili. Nilizunguka nyuma ya ghala la pili, pale penye bomba, nikazitema. Zilikuwa sambusa nzuri tu. Uchungu ulikuwa mdomoni mwangu.

Kampuni inaanzisha mpango mpya wa wanafunzi wa fildi. Meneja wa sasa ni kijana mwenye adabu, anatuamkia hata sisi wabeba magunia. Alisimama akasema kwamba zamani wanafunzi walikuja hapa Tunduma kujifunza, wakaishia kufagia na kutumwa maandazi, na jambo hilo halifai. Kuanzia sasa kila mwanafunzi atapewa mlezi, mtu mzima mwenye uzoefu, wa kumshika mkono tangu siku anapoingia getini mpaka siku fomu yake inapogongwa muhuri. Maneno mazuri. Nilikuwa nakaribia kuyapenda. Ndipo mtu aliyeketi kando yake akainama, akamnong'oneza, na meneja akatabasamu akasema, "Na mlezi wetu wa kwanza ni mzee wetu huyu hapa. Naambiwa amefundisha wanafunzi kabla sisi hatujafikiria mpango wowote."

Aliyemnong'oneza ni Bwana Ubora. Unamkumbuka. Hatukuwahi kumwita kwa jina lake, tulimwita kwa kazi yake ya kupima ubora wa mahindi, kazi ambayo hakuifanya. Bado yupo. Tumbo limeongezeka na nywele anazipaka rangi. Huo mpango mpya wa wanafunzi, msimamizi wake ni yeye.

Mwanangu, mimi niliishia darasa la tano, na barua ndefu kama hii sijapata kuandika. Mama yako hunisomea salamu zako kwenye simu kila unapomwandikia kutoka huko Zambia uliko. Wewe huulizia ng'ombe, huulizia wadogo zako, huulizia hata jirani aliyekuwa mgonjwa. Mimi huniulizii. Sikulaumu. Ila leo lazima nikuandikie, na nitaanzia mbali kidogo, kwa sababu nataka na wengine watakaoisoma wajue.

Nilipoondoka kijijini kwetu Ibaba kuja kubeba magunia huku Tunduma ulikuwa na miaka minne. Baridi ya kule unaijua, ulikuwa umejifunga kitenge cha mama yako mpaka masikioni, ukanifuata hadi kwenye kona ya mianzi ukiita, "Tata! Tata!" kama tunavyowaita baba zetu kwetu. Nilikuwa narudi kila Krismasi na sabuni na chumvi na viatu ambavyo vilikuwa vidogo daima, maana nilikununulia kwa kukumbuka mguu wa mwaka uliopita. Kila mwaka nilimkuta mtoto mwingine. Sikukulea mimi, amekulea mama yako na ile milima. Kwa hiyo uliposema chuo kinataka ufanye fildi wiki nane, na kwamba barua zako zote zimerudi au hazikujibiwa, nilifurahi kwa siri. Niliona Mungu amenipa wiki nane za kuwa baba.

Nikaenda kwa karani. Karani akasema nafasi ipo, lakini kuna sharti: mtoto wala ndugu wa kibarua haruhusiwi. "Ndugu wawili kwenye mizani moja, hapo mzigo wetu hauponi," alisema, akacheka. Wao wenyewe ofisini walikuwa mashemeji watupu, lakini sharti lilikuwa letu sisi. Nikamwambia huyo binti ni wa kijijini kwetu tu, simjui vizuri. Nikakuandikisha kwa jina la ukoo wa mama yako. Uongo wa kwanza ulikuwa mwepesi hivyo.

Siku ile ulipofika tulisimama upande wa pili wa barabara, malori yamepanga foleni ya mpakani, wewe na begi lako la kijani. Nilikuonyesha geti la ghala. Nikasema, "Tuse, ukishavuka pale mimi si baba yako."

Ulicheka. Ulidhani natania. "Sasa nikuite nani?"

"Niite mzee. Wote wananiita mzee."

"Na nikisahau?"

"Usisahau."

Hukusahau kwa mdomo, ulisahau kwa magoti. Asubuhi ya kwanza nilipopita na gunia, magoti yako yalikunjika yenyewe kama mama yako alivyokufundisha kumwamkia mzazi. Ulikuwa umeshafika nusu ya njia chini, mbele ya karani. Ukajishika ukutani, ukasema, "Samahani, nimeteleza." Mimi nikageuza gunia likanifunika uso. Nilikwenda kulipanga nikiwa nacheka peke yangu, na huku roho inaniuma. Nilijua nimemnyang'anya mtoto kitu ambacho hata mtumwa huruhusiwa.

Fildi yenyewe ilikuwaje? Watu watakaosoma waelewe. Wiki ya kwanza ulifagia ofisi. Wiki ya pili uliosha gari la Bwana Ubora na ukatumwa chai, mara tano kwa siku, na ulipochelewa uliulizwa kama chuoni hamfundishwi kutembea. Wiki ya tatu ulipewa daftari lenye maandishi ya zamani uyanakili kwenye daftari jipya, kwa sababu la zamani lilikuwa limemwagikiwa na mchuzi. Msichana aliyekaa miaka miwili akisoma habari za nafaka! Na kila Ijumaa ulipeleka daftari lako la fildi lisainiwe, na yeye alisaini bila kusoma, kalamu mkono huu, mfupa wa kuku mkono ule.

Kazi ulijifunza kwetu, uani, saa za mchana wakati ofisi inakula. Nilikufundisha nilichonacho. Nilikufundisha kung'ata punje: ikilia ka! imekauka, ikibonyea kwenye jino kama nta, bado mbichi. Nilikufundisha bambo, kile chuma chenye mfereji tunachochoma kwenye gunia kutoa punje za katikati, na kwamba usichome juu tu, uchome chini na ubavuni, maana mfanyabiashara mjanja hufunika mahindi mabovu kwa mazuri. Nilikufundisha kuvua saa na kuzamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, utulie, uhesabu pumzi kumi, usikilize joto. Ulifumba macho ukifanya hivyo. Ulisema, "Mzee, haya yamepoa kama maji ya mtungini." Halafu ukafungua jicho moja ukaniangalia, na midomo yako ikasema bila sauti: tata.

Hizo ndizo siku zangu nzuri kuliko zote Tunduma. Nazitaja kwa sababu zilizofuata zinanitia kinyaa hadi leo.

Unamkumbuka Sikanyika, yule Mnamwanga mwenye pengo, tuliyekuwa tunabeba naye. Mdomo wake hauna geti. Jumapili moja alikuona unatoka chumbani kwangu, mtaa wa Sogea, na ndoo ya vyombo. Ulikuwa umekuja kunipikia, kama mtoto yeyote anavyompikia baba yake. Jumatatu, mbele ya kundi zima, akaniambia, "Mzee, kumbe mgongo ndio umechoka, mengine bado yana nguvu! Mkeo kule Ibaba ana habari?"

Watu wakaangua kicheko. Wewe ulikuwa umesimama hatua kumi, na kalamu. Ulisikia.

Nilikuwa na maneno mawili tu ya kusema: ni mwanangu. Maneno mawili. Badala yake nilicheka. Ee, nilicheka nao, nikasema, "Acha wivu, Sikanyika." Nilidhani nalinda nafasi yako. Nilidhani utani wa makuli huisha kama vumbi. Haukuisha. Kila siku ilikuwa ni mzee na mchumba wake, mzee na chuo chake. Na mimi kila siku nacheka. Mwanaume mzima, anacheka mtoto wake akitukanwa, kisa kibarua.

Halafu ikaja wiki ya sita.

Liliingia lori la mahindi ya mfanyabiashara aliyekuwa rafiki wa Bwana Ubora. Ulichoma bambo, ukang'ata, ukazamisha mkono. Ukaniambia polepole, "Mzee, haya yana joto."

Nilizamisha wangu. Yalikuwa kama tumbo la mtu mwenye homa. Nikakujibu, "Ni kweli. Nyamaza."

Neno hilo ndilo nililokufundisha la mwisho. Sikukwambia umepima vizuri. Nilikwambia nyamaza.

Wewe hukunyamaza, lakini hukupiga kelele pia. Ulifanya kosa ambalo lingefanywa na mtoto aliyefundishwa kusema kweli tu. Uliyaandika kwenye daftari lako la fildi, kama chuo kilivyoagiza, kazi ya siku na ulichojifunza: mahindi yalikuwa mabichi na yana joto, kipima unyevu hakikuwa na betri, afisa ameandika kavu. Ijumaa ukalipeleka kusainiwa. Na Ijumaa hiyo, kati ya Ijumaa zote, akalisoma.

Alitoka nalo mpaka kwenye mizani akatuita wote.

"Nani amekwambia mkono wako unajua kuliko mashine?"

"Mashine haina betri tangu Jumatatu, bosi," ulijibu. Sauti yako haikuwa ya jeuri. Makuli wawili wakacheka, na hicho kicheko ndicho kilichomtia hasira.

"Nauliza, nani amekufundisha?"

Ukanyoosha kidole kwangu, kwa fahari kabisa. "Mzee yule."

Akanigeukia. Akaniangalia kuanzia viatu mpaka kichwani, halafu akalainisha sauti, na sauti yake ikilainika ndipo anauma. "Mzee, unamfundisha mahindi, au mambo mengine? Maana nasikia Jumapili mnapikiana." Sikanyika akapiga mluzi. Watu wakacheka, hata karani dirishani. "Haya, sema mbele ya watu. Huyu binti unamjua?"

Uliniangalia. Nakumbuka ulikuwa na punje moja ya mahindi kwenye ukosi wa shati. Hukuwa na hofu. Ulikuwa unasubiri tu niseme, kama mtu anayesubiri chenji aliyo na uhakika nayo.

Nikasema, "Simjui, bosi. Namwona tu hapa kazini."

Akasema basi, kama mzee hakujui, kwake ulikuwa unafuata nini? Hakusubiri jibu. Fomu yako aliirudisha chuoni bila muhuri, na pale penye nafasi ya maoni aliandika neno moja: mwenendo. Mtu akisoma neno hilo peke yake, kwa binti wa miaka ishirini, anaelewa anachotaka kuelewa.

Nilikukuta chumbani unafunga begi la kijani. Nilianza kueleza. Nikasema ada ya wadogo zako, nikasema kibarua, nikasema ungefukuzwa hata hivyo. Ulinisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima, huku unakunja kitenge. Halafu ukasema, "Tata, kama ningefukuzwa kwa kuwa mwanao, ningerudi chuo nimeinua kichwa. Sasa nimefukuzwa kama nani?"

Chuo kikataka urudie mwaka, hela ya kurudia hatukuwa nayo, ukavuka mpaka hadi Nakonde kutafuta kazi kwa Wazambia, na huko ndiko ulikobaki.

Yale mahindi, ujue, ulikuwa umepima sawasawa. Hazikupita wiki tatu, lundo lilianza kutoa mvuke asubuhi kama chungu. Tuliitwa kuyatoa. Magunia ya chini yalikuwa yameshikana mabonge meusi, yameota na kuoza pamoja, maji yake yalinitiririka shingoni mpaka kiunoni. Harufu ya pombe iliyochacha na panya aliyekufa. Niliyabeba mwenyewe, gunia baada ya gunia, mgongo huu huu. Ofisini waliandika kwamba paa lilivuja. Hatukuwa na mvua mwezi ule. Harufu ilitoka mwilini baada ya siku mbili tatu, lakini kuna siku nanawa uso na naisikia.

Sababu zangu nimezichambua miaka kumi na moja, kama mtu anayepepeta pumba. Ada ilikuwa ya kweli. Kibarua kilikuwa cha kweli. Lakini chini kabisa ya ungo nimekuta kitu kingine, na nitakitaja bila kuficha: nilikuwa nimezoea. Mtu akikaa muda mrefu mahali anapoitwa wewe, au mzee, au shika hapa, huanza kuona kwamba pale si mahali pa kuwa baba wa mtu. Nilikwambia geti linageuza jina langu, na wa kwanza kuamini nikawa mimi.

Sasa turudi leo. Meneja alimaliza akasema, "Mzee, hebu tuambie wanafunzi wa zamani ulivyowapokea. Hadithi yako itatutia moyo."

Nilisimama. Kofia kichwani. Bwana Ubora alinitazama akitabasamu, na nikaelewa kwamba hakumbuki. Yaani hakuwa ananikejeli. Amesahau kabisa! Aliyoyaandika kwa kalamu moja Ijumaa moja, na wewe unayabeba mpaka leo nchi ya watu, kwake hayakuacha hata alama. Hilo lilinichafua roho kuliko ubaya wenyewe.

Nilifungua mdomo. Maneno yalikuwepo, yale yale mawili. Nikasema, "Nashukuru kwa kofia." Nikaketi. Wakapiga makofi.

Mara ya pili, Tuse. Mara ya pili, na safari hii hata kibarua si kisingizio, maana mwakani naondoka, mgongo umegoma.

Baada ya kutema zile sambusa nilimkuta Sikanyika kwenye kivuli cha ghala, anakunywa soda yake na ile niliyoiacha mimi. Naye amezeeka, pengo limekuwa mapengo. Akaanza zake, "Mlezi! Mlezi mkuu! Kama enzi zile na yule mchumba wako wa chuo."

Nikamwambia, "Yule ni mwanangu wa kumzaa."

Alicheka kwanza. Kisha akaniangalia vizuri, akaweka chupa chini.

"Tuse? Yule mweupe, wa bambo?"

"Mtoto wangu wa kwanza."

Alifuta mdomo kwa kiganja. Halafu akasema, "Mzee, kumbe nilisema maneno yale mbele ya mwanao?"

"Ulisema."

"Na wewe ulikuwa unacheka."

"Nilikuwa nacheka."

Hakunilaani. Aliondoka, akaacha soda zote mbili. Afadhali angenitukana.

Nilipoingia kwenye foleni ya kutoka nilisoma masharti ya mpango mpya, wameyabandika getini kwenye ubao. Mlezi, vitendea kazi, chakula cha mchana, betri za kipima unyevu, yote yapo. Na mstari wa mwisho ni ule ule, wameupiga chapa upya: mtoto au ndugu wa kibarua hatapokelewa. Kumbe wamepaka chokaa tu, ukuta ni wa zamani. Kuna kibarua mwenzangu ana binti chuoni. Juzi aliniuliza kwa siri nafasi zitatoka lini. Nilijua tayari anafikiria jina la ukoo wa mama.

Daftari lako la fildi unalidhani limepotea. Ninalo. Bwana Ubora alilitupa chini pale kwenye mizani na nililiokota watu walipotawanyika. Ukurasa wa wiki ya sita, mahali pa maoni ya msimamizi, pako wazi mpaka leo. Nimepajaza kabla sijaanza barua hii. Nimeandika: Mwanafunzi huyu anayajua mahindi. Alichoandika ni kweli, yalikuwa na joto, nami niliyashika. Aliyemfundisha ni mimi. Nimetia saini. Muhuri sina, na najua chuo hakitalipokea, na hata wakilipokea umri umekwenda. Simuombi mtu alipokee. Nalituma kwa mama yako, akutumie au akutunzie, vyovyote utakavyotaka. Msamaha siombi kwenye karatasi. Ukinipa nafasi ya kuja kuuomba kwa miguu yangu nitavuka Nakonde hata kwa kutambaa, na usiponipa nitaelewa.

Kwa sababu mdomo wangu umenishinda mara mbili, nimeandika barua hii mara mbili. Moja ni hii yako. Ya pili nitakwenda nayo kazini kesho asubuhi, kabla magunia hayajaanza, na kile kibati cha gundi nilichoazima kwa fundi viatu. Nitaibandika kwenye ubao wa getini, chini ya ule mstari wao wa mwisho, na juu yake nitatundika kofia yao. Wakiing'oa, watakuwa wameisoma.

Uwe mzima huko uliko, mwanangu. Ukizamisha mkono kwenye gunia la mtu, bado hesabu pumzi kumi.

Ni mimi,
tata yako, hata getini.